Ndoo ya Siku ya Hijama

(Mada iliyosomwa katika darasa la vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)



Mashekhe wetu, wazee wetu, mama zetu na dada zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na vijana wenzangu. Kwanza naomba radhi. Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni imeandikwa kwamba mada ya leo ni "Usafi", na najua wengine mmekuja mkitarajia habari za udhu na miswaki. Hayo yana wenyewe wanaoyajua, na baadhi yao wamo humu, ndio walionifunza mimi nikiwa mtoto wa kukalia jamvi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea viini, yaani vile vijidudu visivyoonekana kwa macho. Nitazungumza habari ya ndoo. Ndoo yenyewe ni ya plastiki, ya buluu, ya lita 20, na wengi wenu mumeiona.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, tulifanya siku ya hijama kwa ajili ya watu wa mtaa. Wazee wetu wakiita kuumika, au kupiga chuku, na wakitumia pembe ya ng'ombe. Siku hizi ni vikombe vya plastiki na pampu ya kufyonzea hewa. Walikuja watu 43, alhamdulillahi, zaidi ya tulivyotarajia. Vikombe tulikuwa navyo 12 tu. Wembe ulikuwa mpya kwa kila mtu, hilo nalishuhudia, na kila uliotumika ulitiwa kwenye kopo na baadaye ukachomwa. Lakini vikombe vilizunguka. Kikitoka mgongoni mwa huyu, chaoshwa, chaenda mgongoni mwa yule. Kazi ya kuvisafisha nilipewa mimi, kwa sababu, walisema, "wewe ndiye daktari wetu." Mimi si daktari. Nilikuwa mwaka wa pili, na somo lenyewe la kuua viini lilikuwa bado muhula wa mbele. Lakini mtu akiitwa daktari mbele za watu, kukataa ni kugumu.

Basi nikafanya hivi. Nilijaza ndoo maji ya bomba. Nikatia vizibo viwili vya dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe, ambayo sote twaiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine. Vikombe vilivyotumika nilivitumbukiza humo vikiwa na damu yake, vikakaa dakika mbili tatu, nikavisuza, nikavipangusa kwa kitambaa kimoja hicho hicho asubuhi hadi Adhuhuri. Kufikia saa tano maji ya ndoo yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Nikaongeza kizibo kimoja. Nikaona nimefanya kazi nzuri.

Tulipokuwa madrasa tulifunzwa namna ya kuondoa najisi. Damu ikiingia nguoni, waiosha kwa maji mpaka rangi, harufu na ladha ziondoke. Hayo matatu kila mmoja wetu ayajua kwa moyo. Na siku ile mimi nilifuata hayo hayo: nilikiinua kikombe juani, hakina rangi, nikakinusa, chanuka dawa, basi, nikakipeleka kwa mtu mwingine. Kwa upande wa twahara sidhani kuna aliyeharibikiwa na swala yake, na kama nimekosea mashekhe watanirekebisha. Lakini kiini cha maradhi hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Bakteria wa kawaida, ukiwapanga mstari mmoja, wahitajika 500 hadi 1,000 ndipo wafike milimita moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya B ni kidogo kuliko bakteria huyo mara 20 na zaidi. Na kirusi hicho, damu ikikauka juu ya kitu, chaweza kukaa siku saba na bado kikaambukiza. Siku saba! Mimi nilikipa dakika tatu. Swali la fiqhi na swali la maabara ni maswali mawili mbalimbali, na mimi nililijibu la pili kwa jawabu la la kwanza.

Sasa nataka tuelewane juu ya maneno, kwa sababu makosa mengi yaanzia hapo. Kwa Kiswahili twasema "kusafisha" tukamaliza. Maabara kuna kazi tatu. Kuna kuosha, yaani kuondoa uchafu kwa maji na sabuni. Hapo viini vingi hutoka pamoja na uchafu, lakini si kwamba vimekufa. Kuna kuua viini kwa dawa au kwa joto, ambako twapunguza wale wenye madhara wafikie kiasi kisichodhuru, wabakiao wapo. Halafu kuna kuua viini vyote, asibaki hata mmoja. Hii ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu baadhi ya bakteria wana hila. Wakiona mambo magumu hujifunga ndani ya ganda linaloitwa spora, wakalala. Mdudu wa pepopunda hufanya hivyo. Ndiye huyo aliyekuwa akiua watoto wachanga waliokatwa kitovu kwa wembe mchafu. Spora zake zaweza kukaa mchangani miaka, na maji yanayochemka hayatoshi kuziua kwa uhakika. Naona mama zetu kule wananong'ona. Naam, wembe uliochemshwa kwenye sufuria ni bora kuliko ambao haukuchemshwa, lakini bado haujafika daraja hii ya tatu.

Na hata huko kuchemka kwenyewe si kumoja. Hapa Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa kuwa mji uko juu kama mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yaani mwenzako wa Nairobi aona mapovu yale yale unayoyaona wewe, lakini joto si lile lile. Kwa maji ya kunywa hakuna neno, viini vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa kabla ya kufika huko. Kwa vifaa vya kukata mwili, ni jambo jingine.

Ndiyo maana hospitali wana mashine iitwayo otoklevu. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1879 na Charles Chamberland, aliyekuwa akifanya kazi na Louis Pasteur. Usiogope jina, ni binamu wa ile sufuria ya presha inayopikiwa maharagwe. Mvuke ukifungiwa ndani kwa nguvu, joto lapanda hadi nyuzi 121, na likikaa hapo dakika 15 au 20, hata spora hazina ujanja tena. Lakini sharti hewa yote itolewe kwanza, mvuke ushike nafasi yake. Hewa ikibaki kwenye kona, kona hiyo haipati joto, na kifaa kilichokuwa hapo chatoka kimoto na hakijatakasika. Ukiona hospitali vifurushi vimefungwa kwa utepe wenye mistari meusi, mistari ile haikuwa meusi tangu mwanzo. Huwa imepauka, hugeuka kwa joto. Ni njia ya kumwambia muuguzi kwamba kifurushi hiki kimepita mle ndani.

Nitawapeleka mbali kidogo, mjini Vienna, mwaka 1847, kwa sababu kule kulikuwa na mtu aliyefanya kosa kama langu kisha akalijua. Daktari Ignaz Semmelweis alikuwa akifanya kazi hospitali kuu ya mji huo, kwenye wodi za kujifungulia. Wodi zilikuwa mbili. Moja ya wakunga, moja ya madaktari na wanafunzi wao. Kwenye ile ya madaktari akina mama walikufa kwa homa ya uzazi mara mbili tatu zaidi ya kwa wakunga, hata wajawazito wakilia wasipelekwe huko. Hakuna aliyejua kwa nini. Kisha rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikatwa kidogo na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa maradhi yaliyofanana kabisa na ya wale akina mama. Hapo Semmelweis akaamka. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti asubuhi, wanaosha mikono kwa sabuni, kisha waingia wodini. Mikono safi kwa macho, lakini harufu ya maiti haikuwa ikiisha. Akawaamrisha waoshe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na sababu yake ya kuchagua klorini ilikuwa hiyo tu: iliondoa harufu. Aprili mwaka ule walikufa kama 18 katika kila akina mama mia. Juni, mwezi mmoja baada ya amri, wakafa wawili.

Mnaona? Yeye alifuata pua, na pua ikampeleka mahali sahihi. Mimi nilifuata pua, ikanipoteza. Tofauti ni kwamba yeye aliendelea kuhesabu wafu kila mwezi, akajua dawa yafanya kazi au haifanyi. Mimi sikuhesabu kitu. Wenzake wengi hawakumsadiki, daktari gani atakubali kwamba mkono wake ndio unaoua? Alikufa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili tarehe 13 Agosti 1865. Na siku moja tu kabla yake, huko Glasgow, daktari Joseph Lister alikuwa amemfunga jeraha kijana wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gari la farasi, akatumia dawa ya kaboliki kuua viini, na mguu ukapona bila kuoza. Hao wawili hawakujuana.

Lakini kisa ambacho kimeninyima usingizi ni cha Misri.

Bonde la Nile, kama mjuavyo, kuna kichocho. Mkulima asimama kwenye mfereji, mdudu apenya ngozini. Serikali ya Misri, kwa nia njema kabisa, iliendesha kampeni kubwa ya kutibu kichocho kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980. Dawa ya wakati huo ilikuwa ya sindano ya mshipa, na mgonjwa mmoja alidungwa mara nyingi, wiki baada ya wiki. Foleni ndefu, sirinji za kioo chache. Sirinji zilirudi kwenye maji ya moto, zikatoka haraka haraka, zikaenda kwa mtu mwingine. Kichocho kilipungua. Watu walishukuru. Ndani ya sirinji zile kulikuwa na kirusi ambacho hakuna aliyekijua, cha homa ya ini aina ya C. Hakikutambuliwa na wanasayansi mpaka mwaka 1989, na uhusiano wake na kampeni ile ukaelezwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2000. Ugonjwa huu hauna haraka. Hukaa kwenye ini miaka 20, miaka 30, mtu aoa, azaa, ajenga, kisha siku moja tumbo lajaa maji. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulikuta kwamba karibu watu 15 katika kila mia wa umri wa miaka 15 hadi 59 nchini Misri walikuwa na dalili ya kirusi hicho kwenye damu. Hakuna nchi kubwa iliyokuwa na kiwango kama hicho.

Wamisri nao, wapewe haki yao, hawakukaa. Kuanzia mwaka 2018 walipima mamilioni kwa mamilioni ya watu, wakatibu waliopatikana kwa vidonge vipya, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likawatambua rasmi kwa hatua kubwa ya kuelekea kuumaliza. Lakini kwa waliokwisha kufa kwa ini, vidonge vilichelewa.

Nilisoma habari hii kwenye maktaba ya chuo, miezi miwili baada ya siku yetu ya hijama. Nilikuwa nimefungua kitabu kwa ajili ya mtihani. Nilipofika pale pa sirinji kurudi kwenye maji ya moto nikaiona ndoo ya buluu.

Nikaanza kwa hesabu. Dawa ya klorini ya dukani, soma lebo, aghalabu ni asilimia 3.5. Kwa damu, kiasi kinachotakiwa ni asilimia 0.5, yaani kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji. Mimi nilitia vizibo viwili, tuseme mililita 30, kwenye lita 20. Piga hesabu mwenyewe. Utapata asilimia 0.005 na kidogo. Nilipungukiwa mara mia moja. Mara mia, si mara mbili! Na hiyo ni asubuhi, kabla ya damu kuingia, kwa sababu klorini haina akili ya kuchagua kiini iache damu. Yashambulia kila kilichotoka kwenye kiumbe, na damu ikiwa nyingi, klorini yote yaishia kwenye damu, viini vinabaki vikitazama. Ndiyo maana kuosha ni lazima kutangulie. Kisha dawa yataka muda, dakika kumi zisizopungua, kitu kikiwa kimezama chote. Na ndoo niliyoiacha juani! Jua na siku hula nguvu ya klorini. Chupa iliyokaa wazi miezi dirishani haina tofauti kubwa na maji.

Hesabu peke yake haikuniridhisha. Nilimwomba msimamizi wa maabara ruhusa, nikanunua damu ya mbuzi kwa mwenye bucha, nikapaka kwenye vikombe vitatu kama vyetu, nikaacha ikauke. Cha kwanza nikakitia kwenye dawa kama nilivyofanya mimi siku ile. Cha pili nikakitia na damu yake kwenye dawa ya asilimia 0.5, dakika kumi. Cha tatu nikakisugua kwanza kwa sabuni na brashi, kisha dawa ile ile ya 0.5, dakika kumi zile zile. Nikapangusa ndani ya kila kikombe kwa pamba safi, nikapaka kwenye visahani vya chakula cha bakteria, nikaviweka kwenye kabati la joto la nyuzi 37 hadi kesho yake. Kisahani cha kwanza kilikuwa kimefunikwa chote, kama maziwa yaliyogandia. Cha pili kilikuwa na madoa tisa. Cha tatu hakikuwa na kitu. Na bado yule msimamizi akaniambia, nami nawaambia, kisahani kitupu hakisemi lolote juu ya virusi. Virusi haviooti kwenye kisahani kile. Chasema tu kwamba bakteria wa damu ile walikufa.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na njia mbili: kunyamaza, kwani hakuna aliyelalamika, au kusema. Nikenda kwa mwenyekiti wetu baada ya swala ya Ijumaa nikamweleza yote, na hesabu nimeiandika kwenye karatasi. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia, hakika ya kwamba nilikosea ninayo, hakika ya kwamba kuna aliyedhurika sina. Akasema basi watu waambiwe, na waambiwe wote. Wapo walionighadhibikia, na haki wanayo. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi tumeumikwa kwa pembe moja mtaa mzima na tuko hai." Sikumjibu. Waliokuwa wameambukizwa kwa pembe ile hatukai nao hapa tukawauliza.

Katika watu 43, walikuja kupimwa 37. Mmoja alikutwa na homa ya ini aina ya B. Tafadhalini, mtu asimtafute, asikisie. Mwenyewe amekubali nitaje habari hii bila jina. Daktari alimpima zaidi akasema maradhi yake ni ya zamani, yaani alikuja nayo siku ile, hakuipata kwetu. Mwanzoni nilifurahi, Mwenyezi Mungu anisamehe. Kisha nikaelewa maana yake: kikombe chake pia kilipita kwenye ndoo yangu, na baada yake wako waliofuata. Wale 36 wakarudi kupimwa tena baada ya miezi sita. Wote ni wazima, alhamdulillahi. Naye sasa yuko chini ya daktari, na asema lau si vurugu ile asingelijua.

Wamebaki sita. Kama wewe ni mmoja wao na uko humu, au kuna nduguyo ni mmoja wao, njoo kwangu au kwa mwenyekiti, hata usiku, hata kwa simu. Kupima ni tone la damu. Wenye umri wangu aghalabu walichanjwa uchangani, kwani Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo mwishoni mwa mwaka 2001, lakini waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana. Ukipimwa ukawa huna, waweza kuchanjwa. Na kwa kuwa tuko katika mwezi wa kufuturu pamoja, niseme na hili: maradhi haya hayaambukizi kwa kula sinia moja wala kunywa gilasi moja wala kupeana mikono. Njia yake ni damu, ni kujamiiana, na ni mama kumwambukiza mwanawe anapozaliwa. Mtu asimkwepe mwenziwe kwenye futari akaita hiyo ni afya.

Kwa wakati uliobaki, machache ya nyumbani, nayapitia mbio. Maji ya kunywa yakishachemka, yafunikwe, na yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu ama yamiminwe. Vidole vikiingia mtungini, kuni zimekwenda bure. Asiye na mkaa, achukue chupa ya plastiki nyeupe ya lita moja au mbili, ajaze maji yasiyo na tope, ailaze juani saa sita, na kukiwa na mawingu mengi siku mbili. Si mzaha, ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado katika miaka ya 1990, na kuhara kukapungua. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko ile kali isiyo na maji, kwa sababu maji yenyewe ndiyo huisaidia kupenya ndani ya kiini. Ile kali hukausha nje tu. Na nawaomba sana akina dada, klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoka moshi unaochoma mapafu. Kudhani kwamba dawa mbili ni bora kuliko moja kumewapeleka watu hospitali.

Baada ya mada yaliulizwa maswali, na mhariri ameniomba niyaandike mawili.

Kijana mmoja aliuliza, je, si tutumie vikombe vile vile lakini kwa kipimo sahihi cha dawa? Jawabu ni hapana. Kikombe cha hijama chakaa juu ya ngozi iliyokatwa, chapokea damu. Kitu kinachogusa damu chataka ile daraja ya tatu, na klorini kwenye ndoo haifiki huko hata uipime kwa mizani ya dhahabu. Otoklevu ingefika, lakini vikombe vyetu ni vya plastiki nyembamba, vingetoka vimekunjamana kama karatasi. Kilichobaki ni vikombe vya kutumiwa na mtu mmoja kisha vichomwe. Na wembe, na glovu.

Mama mmoja akauliza kutoka nyuma ya pazia: na wavulana wetu wanaotahiriwa likizo ya Disemba, wembe ni mmoja kwa wangapi? Kulikuwa kimya. Mimi sina jawabu la kila mtaa, mama. Naweza kusema tu kwamba mzazi ana haki ya kusimama pale na kuona pakiti ikifunguliwa mbele yake kwa ajili ya mwanawe, na yeyote atakayesema hiyo ni dharau kwa ngariba, mwambieni nimesema mimi, yule wa ndoo.

Siku ya hijama ya mwaka huu itakuwa baada ya Idd, inshallah. Mweka hazina ameshapiga hesabu ya vikombe vya kutupa, na pesa hazijatimia. Orodha ya wanaochangia iko kwa katibu. Vikombe vikifika vya watu 20, tutaumika watu 20, wengine watangoja. Mimi sitahudumu. Nimeomba niwe mlangoni kuandika majina na nambari za simu, ili likitokea lolote tujue pa kumpata kila mtu.

Ndoo ya buluu ingali stoo. Nimeandika ubavuni mwake kwa wino mzito: YA KUPIGIA DEKI.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.